Sura ya Sita: Honi ya Bedford

Kufikia Alhamisi ilikuwa hatari kuumia kidole mjini Songea. Inspekta Polikarp alikuwa ametoa amri kwamba kila mwanamume mwenye bandeji mkononi aletwe kituoni ajieleze, na askari wake, ambao siku nyingine hata kuwatuma maji ni vita, safari hii walichapa kazi. Benchi la kaunta lilijaa: seremala aliyejigonga nyundo, mkaanga chipsi aliyeungua, na mzee mmoja wa Ruhuwiko aliyedonolewa na bata wake mwenyewe, ambaye alikuwa radhi alale ndani kuliko hilo la bata liandikwe.

Sajini Kunegunda Mapunda aliwapita na kikombe chake cha chai, akampa mzee wa bata shikamoo yake, akaingia kwa bosi.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Gereji Jazz ilikuwa bendi ya mafundi magari. Ilizaliwa katika gereji ya shirika moja la umma zaidi ya miaka ishirini nyuma, wanamuziki wake wakiwa bado na nywele zote kichwani, na muziki wake ulifanana na mahali ulipozaliwa: magitaa yanakwaruza kama gia iliyokataa kuingia, spika zimeshonwa kwa uzi wa viatu, ngoma inapigwa na mtu mwenye ugomvi na bosi wake. Watu waliupenda hivyohivyo. Kunegunda mwenyewe alipata kuvunja kisigino cha kiatu pale mara mbili, na mara ya pili hakikuwa kiatu chake.

Kisha zikaja enzi za ruksa. Shirika likafa, gereji ikauzwa kwa mtu binafsi, redio zikajaa muziki wa kila rangi kutoka nje, na Gereji Jazz wakabaki kufanya mazoezi kwenye kona waliyoachiwa kwa huruma. Kila mtu aliwahesabu marehemu. Ndipo mwezi wa saba wakashuka Dar es Salaam kurekodi albamu mpya, ya kwanza tangu wana wao waanze kunyoa ndevu. Waliiita Hatujazima Injini. Uzinduzi ulipangwa Jumamosi, na msambazaji alikuwa anamtuma mtu wake kutoka Dar kuja kuushuhudia.

Jumatatu ya wiki hiyohiyo, nyimbo zote za albamu zilisikika zikitoka katika kioski cha Bashiru pale stendi, zikiuzwa kama karanga.

Kiongozi wa bendi, Hironimus Haule, alikuja kituoni akiwa amevaa tai, akaandikisha wizi wa kanda. Bashiru akakamatwa. Katika kumkamata, mashine yake ya kudurufia kanda ikaanguka kutoka mikononi mwa sheria ikapasuka. Na katika vitu vyake ikapatikana kaseti aliyokuwa akiinakili, ikiwa imeviringishwa bandeji. Hapo ndipo Inspekta Polikarp alipopata wazo lake la vidole.

“Afande,” Kunegunda alisema, “hii bandeji haina tone la damu.”

“Kaifua.”

“Na kuipiga pasi?”

Polikarp alikuwa na jambo moja tu la kujibu, nalo ni kwamba Jumatatu Bashiru anapanda kizimbani, kidole kipatikane kisipatikane.

Kunegunda akaichukua bandeji, akaichukua kaseti, akaenda mahabusu.

Bashiru alikuwa kijana wa Namasakata, mrefu, mwenye adabu za nyumbani kwao. Hata nyuma ya nondo aliamkia kama yuko barazani kwa mama mkwe. Alieleza alichokwisha kueleza: kaseti aliletewa na utingo wa basi dogo la Peramiho, pamoja na ujumbe kwamba aiuze atakavyo, mwenye nayo hataki chochote. Utingo aliulizwa, akasema yeye kwa siku hubeba vifurushi vingi kuliko abiria na hajawahi kuombwa akariri sura. Zaidi ya hapo Bashiru hakuwa na kitu, ila manung'uniko.

“Yenyewe wala si nzima, mama afande. Inakaanga.”

“Inakaanga vipi?”

“Shaaa, kama mafuta ya chipsi, toka mwanzo mpaka mwisho. Nimesafisha hedi ya redio, wapi. Halafu sauti ni nzito, iko chini kidogo. Nikajua redio inachoka, nikaitia betri mpya, bado iko chini.” Akauliza kama ni kweli mashine imepasuka. Kunegunda akamwambia ni kweli. Bashiru akasema Alhamdulillah, kwa namna ya mtu anayetafuta pa kukaa.

Kanda mama, yaani ile halisi iliyotoka studio, ilitunzwa na Noela, mwimbaji wa bendi, katika sanduku la bati chini ya kitanda chake Ruhuwiko. Noela alikuwa mwanamke wa sauti nene na mlango mwembamba, na hakupenda kuona askari akiupita. Sanduku likafunguliwa. Kanda mama ilikuwamo, lakiri ya studio haijaguswa. Kando yake ilikuwapo kaseti moja ya mfano waliyopewa kusikilizia, nayo ikiwa katika nailoni. Noela aliapa kwa watakatifu kadhaa kwamba havijatoka humo. Kunegunda aliitazama lakiri kwenye mwanga wa dirisha, akamwamini Noela pamoja na watakatifu wake.

Juu ya sanduku zilipangwa karatasi za majalada ya kaseti, mpya, zinanukia wino. Picha ilionyesha wanaume watatu na Noela, wamesimama wameshikana mabega mbele ya lori. Kunegunda alihesabu watu. Kisha akahesabu mikono.

“Huu mkono begani kwa Hironimus ni wa nani?”

Noela aliupangusa mkono ule kwa kidole gumba.

“Wa Egidi,” akasema.

“Na Egidi mwenyewe yuko wapi?”

Hapo mwimbaji akakaa kitandani akaeleza, na maelezo hayakuwa marefu. Egidi ndiye aliyekuwa mpiga solo tangu siku ya kwanza. Hao wengine walikuja kumkuta yeye na Hironimus wakigombania gitaa moja. Mwaka huu akaugua, ugonjwa ule ambao watu walikuwa wanautaja kwa kuzunguka nyumba. Mwezi wa saba hakuweza kusafiri. Studio wakaleta kijana wa kukodiwa, fundi kwelikweli, akakaa na Hironimus siku nzima akafundishwa solo za Egidi moja baada ya nyingine mpaka akazipiga kama alivyozipiga mwenyewe. Noela alisema hata yeye akifumba macho hatofautishi. Kuhusu picha, msambazaji alisema mtu aliyekonda vile anavunja moyo wa mnunuzi. Wakamkata. Mkono haukukatika kwa kuwa ungekatwa pamoja na bega la Hironimus.

Mchana huo Kunegunda alinunua betri mpya, za bei ya dhambi, akazitia katika redio kaseti ya kituo, akaenda gereji na kaseti ya Bashiru pamoja na ile ya mfano aliyoiazima kwa Noela.

Gereji siku hizi ilikuwa mali ya Valence, mtu wa biashara aliyependa vitu viende. Kitu pekee kisichokwenda pale kilikuwa Bedford la zamani la shirika, limekaa juu ya magogo bila matairi, na Valence alimwambia Kunegunda kwa furaha kwamba kesho fundi wa gesi anakuja kulikatakata liuzwe chuma chakavu. Hironimus alikuwapo, amekaa kwenye hatua ya lori, ile tai bado shingoni. Alimsalimu Kunegunda akamuuliza Bashiru atafungwa lini.

“Tutyuni kwanza,” Kunegunda akasema.

Kila aliyewahi kupita mtaa ule alilijua hilo jambo. Gereji Jazz hawakuwa na kinanda wala filimbi ya kutyunia nyuzi. Siku ya kwanza kabisa walikuwa na honi ya lile Bedford, basi wakakaza uzi wa tatu wa gitaa mpaka ulie kama honi, na nyuzi nyingine zikafuata. Tangu hapo, kabla ya kila mazoezi, mmoja anapanda anapiga honi, na majirani wanajua muda wa kufunga madirisha umefika. Honi yenyewe haikuwa sauti ambayo mwalimu wa kwaya angeitambua. Ilikaa katikati ya noti mbili, kama mtu aliyesimama kwenye kizingiti hajui aingie au atoke. Dar waliwacheka. Wakawaambia watyuni upya kwa kinanda cha studio, nao wakatyuni.

Kunegunda akamwomba Valence betri ya gari na nyaya mbili. Kwanza akaiweka kaseti ya mfano, ile ya studio. Wimbo ukaanza, safi kama shati la sikukuu. Akagusisha nyaya. Honi ikalia, na wimbo na honi vikagongana hadi mbwa wa Valence akaondoka.

Kisha akaweka kaseti ya Bashiru. Shaaa, ikakaanga. Gitaa likaingia. Akagusisha nyaya, na honi ikaingia ndani ya wimbo ikakaa, kama mtu aliyerudi kwake na kukuta kiti chake kiko wazi.

Valence aliacha kutafuna kijiti. Kunegunda alikuwa hatazami honi wala redio. Alikuwa anatazama mguu wa Hironimus. Kwenye kaseti ya kwanza mguu ulikuwa umetulia. Kwenye ya pili ulikuwa unapiga mdundo.

“Hii haikuibwa studio,” Kunegunda akasema. “Haijafika Dar hata siku moja. Imerekodiwa hapa. Na hayo anayosema Bashiru ni mafuta ya chipsi, ni mvua juu ya bati hili. Mwezi wa saba Songea mvua ya wapi? Ni ya masika, kabla hamjasafiri. Egidi alipokuwa bado anashika gitaa.”

Hironimus akazima redio.

“Uliijua tangu Jumatatu,” Kunegunda akasema. “Uliposikia pale stendi.”

“Niliijua kabla sijavuka barabara.”

“Ukaja kuandikisha wizi.”

Hironimus alilegeza tai. Alizungumza polepole, kama anayemweleza mwenye gari kwamba injini haifai. Mkataba unasema pasiwe na rekodi nyingine ya nyimbo hizi popote chini ya jua. Zikivuja kwa wizi, na mwizi akafungwa, msambazaji atavumilia, albamu inatoka. Zikivuja kutoka kwa bendi yenyewe, mkataba umekufa. Na hakuna mwingine atakayekuja Songea kutafuta wazee wanne wa gereji.

“Na Bashiru?”

“Bashiru ni kijana, dada,” Hironimus akasema. “Atatoka jela bado kijana.”

Kunegunda alizikunja nyaya zake akaondoka. Neno la kumjibu alikuwa nalo, ila lilikuwa la aina isiyoandikwa katika maelezo ya shahidi.

Ijumaa akapanda basi dogo hadi hospitali ya Peramiho. Alimkuta Egidi wodini karibu na dirisha. Alikuwa amekwisha kuwa mwembamba kiasi kwamba shuka ilionekana imetandikwa tu, na juu ya kabati dogo la kitanda, karibu na rozari, ulikuwapo mrundo wa bandeji safi zilizoviringishwa vizuri. Egidi alisema anawasaidia manesi kuziviringisha, mikono isisahau kazi. Kunegunda akatoa ile ya kwake mfukoni akaiweka juu ya nyingine. Ikakaa kama ndugu aliyerudi safarini.

Egidi akaitazama, akatabasamu kwa meno tu.

“Umenifikia, dada Kune. Pingu umekuja nazo? Maana mkono huu itabidi uzifunge mara mbili.”

“Nimezisahau. Niambie tu.”

Alimwambia. Ilikuwa redio yake mwenyewe, aliyoiweka juu ya boneti ya Bedford siku ya mvua, kwa ajili ya kusikiliza makosa. Wengine hawakukumbuka hata kwamba ilikuwa imewashwa. Aliposikia kwamba solo zake amefundishwa mtoto wa Dar akazipiga zote, alikaa kitandani siku nyingi akiisikiliza ile kaseti hadi mgonjwa wa jirani akaomba ahamishwe. Kisha akaifunga kwa kilichokuwa karibu, akamwomba utingo.

“Hukujua kuhusu mkataba?”

“Nani angeniambia? Mimi si nimekatwa.” Alipumzika kidogo. “Wanaisikiliza?”

“Stendi nzima,” Kunegunda akasema. “Wapiga debe wanaimba pale kwenye solo, kwa midomo.”

Hilo lilikuwa kweli la Jumatatu. Tangu Jumanne kioski kilikuwa na kufuli la serikali, lakini hakuulizwa kuhusu Jumanne.

Egidi akafumba macho. Akauliza kama Hironimus amejua ni yeye. Kunegunda akasema amejua. Akauliza Hironimus amesema nini. Sajini aliyewahi kuwahoji wauaji bila kupepesa akainuka akarekebisha pazia ambalo halikuwa na kosa.

“Alipiga mguu,” akasema.

“Basi,” Egidi akasema. “Kama kapiga mguu.”

Habari iliingia mjini Jumamosi asubuhi, kabla maduka hayajafunguliwa. Egidi alikuwa amekwenda alfajiri. Hironimus alifika kituoni bila tai. Hakutaka kukaa. Aliandikisha maelezo mapya mbele ya Inspekta Polikarp: kwamba kaseti iliyokutwa kwa Bashiru ni rekodi ya bendi yenyewe, imetolewa na mwenzao wa bendi, kwa hiari yake, na hakuna aliyeibiwa. Polikarp alimuuliza mara tatu kama anaelewa anachotia sahihi. Hironimus alisema anaelewa; ni kama kuchomoa swichi ya gari. Kunegunda alimsogezea kalamu, naye akatia sahihi na kutoka, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo hakuuliza lolote kuhusu Bashiru.

Mtu wa msambazaji, bwana mmoja mpole aitwaye Emiliani, aliyesoma maelezo yale kwenye benchi lilelile la vidole, alimpa kila mmoja pole ya msiba. Akaenda Ruhuwiko akaichukua kanda mama na lakiri yake, akapanda basi la kurudi Dar. Majalada aliyaacha. Alisema hayana kazi.

Bashiru akafunguliwa mchana. Alirudishiwa mashine yake ndani ya kiroba. Alikitikisa kidogo, akakisikiliza kilivyolia ndani, akakaza mdomo wa kiroba akashika njia ya stendi. Inspekta Polikarp aliwaachia pia watu wa bandeji, ila mzee wa bata alikuwa amekwisha kuizoea chai ya kituo na ilibidi abembelezwe.

Egidi alizikwa Jumapili. Baada ya makaburi watu walirudi nyumbani kwake Ruhuwiko, na mjane, Emerensiana, akasema marehemu aliomba apigiwe wimbo mmoja, usizidi, maana anawajua, wakianza hawaachi. Vyombo vikaletwa kwa mkokoteni. Hironimus akashika gitaa la Egidi, na Valence, aliyekuja kwa heshima zote na mfuko wa mchele, akatazama chini. Bedford lilikuwa limekatwa tangu Ijumaa. Honi ilikuwa imekwenda na vyuma vingine, juu ya lori jingine, zima, lenye honi yake lenyewe.

Wakajaribu kwa kumbukumbu. Hironimus akakaza uzi wa tatu, akasema ndiyo hiyo. Mpiga besi akasema siyo, ni juu zaidi. Noela akaimba ilivyokuwa, nayo ilikuwa ya tatu tofauti na zote mbili. Waombolezaji wakaanza kutazamana. Watu walioisikia honi ile kila jioni miaka zaidi ya ishirini, mtaa mzima uliofunga madirisha kwa ajili yake, hapakuwa na wawili waliokubaliana.

Kunegunda akaenda kwenye gari la polisi akarudi na redio ya kituo na ile kaseti, kielelezo cha kesi isiyokuwapo tena. Akaiweka juu ya kinu kilichopinduliwa, akabonyeza. Shaaa, mvua ikanyesha juu ya bati, uwanjani palipokuwa na jua kali. Kisha gitaa la Egidi.

Hironimus akainama akakaza uzi, akalegeza, akakaza, mpaka ukalia sawa naye. Akamtazama Kunegunda akaitikia kwa kichwa. Mpiga besi akafuata. Lakini alipomaliza mpiga besi, Hironimus hakuwa sawa tena. Akalegeza kidogo. Wakasikiliza. Bado. Akalegeza tena.

Betri zile za bei ya dhambi zilikuwa zimesikiliza mpira kituoni Jumamosi yote, zamu kwa zamu. Kunegunda akafahamu kabla yao kwamba zinakufa. Mkono wake ulifika karibu na kitufe, ukakaa hapo, haukubonyeza. Sauti ya Egidi ilikuwa inashuka taratibu, mvua inakuwa nzito, solo inajikokota. Na Gereji Jazz, wameinamisha vichwa juu ya magitaa yao, walikuwa wanaifuata, wanalegeza nyuzi, wanalegeza, hadi nyuzi zikaanza kugonga mbao.